Maziwa ya Watu wa Kingi

Kwanza nyosheni mikono niione. Wewe mwenye kucha ndefu, nenda ukazikate, tutakungoja. Sichukii urembo. Hata mimi niliwahi kuwa msichana, na nilijua kujipaka mafuta siku ya misa. Lakini mtoto mchanga hana habari na urembo wako. Yeye anajua kama mkono ni safi, na kama una joto. Ukimshika kwa mkono wa baridi anashtuka, na ile nguvu kidogo aliyokuwa nayo ya kumezea inaishia hapo kwenye kushtuka. Kabla hujamgusa, shika kikombe cha maji ya moto mpaka viganja vyako vipate joto. Hapa kwetu Masisi baridi ni ndugu ya njaa, zinakuja pamoja.

Mmesema mnataka kuendeleza kazi ya maziwa. Vizuri. Nyinyi mna maziwa ya unga kwenye makopo. Sisi tulikuwa na ng'ombe wa watu, vibuyu, kijiko na sikio. Nasema sikio kwa sababu Mama Rozaria, aliyenifundisha kazi, hakutaka tuangalie kinywa cha mtoto. "Kinywa kinadanganya," alikuwa akisema. "Sikia koo." Ukisikia anameza, kisha kimya, kisha pumzi, ongeza kijiko. Ukisikia kama maji yanayochemka, acha upesi, mwinue, maana maziwa yanaelekea njia ya pumzi. Nilichelewa kuijua sauti hiyo, maana tulikuwa tukicheka mno: wanawake wazima tumeinamisha masikio shingoni mwa mtoto kama watu wanaosikiliza nyuki ndani ya mzinga.

Huyo Mama Rozaria alikuwa mjane, mkulima wa hapa kijijini Kingi, mrefu, mwenye maneno makavu. Binti yake alikufa akizaa, na mjukuu akamfuata kwa sababu walimnywesha uji wa ndizi. Yeye mwenyewe hakunisimulia hata siku moja. Niliambiwa na majirani. Baada ya msiba ule alizunguka milima yote hii. Kwa wenye mashamba aliomba maharagi, kuni na mikono ya wanawake. Kwa wenye ng'ombe aliomba maziwa, kila familia kwa zamu yake. Mtoto yeyote aliyefiwa na mama aliletwa kwenye lupango lwake, yaani uani kwake, ndani ya nyumba ya udongo aliyojengewa na Wakristo wenzake. Hatukuwa na ofisi wala bendera. Watu walituita tu Mama za Maziwa.

Mimi niliingiaje? Mtoto wangu wa kwanza alikufa kabla hajapewa jina. Nilikuwa bado nimekaa kwenye mkeka wa kilio, maziwa yanalowesha kitambaa changu, Mama Rozaria akaingia. Hakukaa.

"Matilda," akasema, "sikuje kukufariji. Kuna mutoto kule kwangu analia tangu asubui. Na wewe iko na maziwa."

Mama yangu alisimama amfukuze. Mimi nikasimama pia, nikamfuata Mama Rozaria njiani bila viatu, kitambaa cha kilio kichwani. Nilimnyonyesha mtoto yule nikilia, na yeye hakujali kilio changu, alivuta tu. Sikurudi tena kwenye mkeka. Maziwa yangu yalipokauka nikabaki kwa kazi ya kijiko.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana huyu nitakayewaambia ndiye aliyenifundisha kazi hii ni kazi gani.

Ilikuwa wakati wa vita vya Wazungu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mwanaume mmoja akaingia kwenye lupango na kitunga mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, kama wanavyobeba watu wa porini. Tulidhani anauza nyama iliyokaushwa. Mmoja wetu akamuuliza, "Unauzisha nini, Papa?"

Akakishusha kitunga polepole. "Siuzishe kitu, Mama. Ni mutoto."

Ndani ya majani ya ndizi na kipande cha blanketi palikuwa na kitoto cha kike, macho yamefumba, midomo imekauka kama ganda la kitunguu. Mwanaume huyo aliitwa Kubuya, naye alitoka Itebero, kule chini kwenye pori la Walikale. Mke wake Anastazia alizaa salama, kisha damu ikakataa kusimama. Katekista wa kwao alimwambia kuna wanawake milimani wanaowapa yatima maziwa, basi akatembea. Katika kila kijiji alitafuta mama anayenyonyesha. Wengine walimpa mtoto ziwa. Wengine waliogopa mtoto wa marehemu, wakafunga mlango.

"Na kwenu hakuna muntu wa kumulea?" Mama Rozaria akamuuliza.

"Bote biko mu mpira, Mama."

Nyinyi hamjui maneno hayo. Bulamatari, yaani serikali ya Wazungu, ilitaka mpira kwa ajili ya vita, na mpira ulikuwa kwenye kamba za porini, zile zinazopanda miti mirefu. Kila mwanaume wa kule alidaiwa kitunga chake. Asiyekijaza alifungwa, na asipoonekana walimkamata mtu wa nyumbani kwake. Kubuya alikuwa ametoroka ili amlete mtoto. Alibakiza mama yake mzee peke yake.

"Nikikawia, batafunga mama yangu," akasema.

Mama Rozaria alikuwa tayari amempakata mtoto huyo, anamdondoshea maji ya uvuguvugu yenye maziwa kidogo sana. Alizungumza bila kuinua kichwa. "Sikia, Papa Kubuya. Sisi hatukamate batoto ya bantu. Tunabanywesha tu. Siku ataota meno na kula maharagi, unakuja unamutwaa. Ni wako. Anaitwa nani?"

"Kahombo."

"Utakuja?"

"Nitakuja, Mama. Mbele ya Mungu."

Alikula viazi tulivyompa akiwa amesimama. Wakati wa kuondoka hakumbeba mtoto, nadhani aliogopa hataweza kumwachilia. Aligusa unyayo wake kwa kidole kimoja, akavaa kitunga kitupu, akatoka kwenye mvua.

Kahombo alikuwa mtoto wa joto aliyeletwa kwenye baridi. Nilimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, nikalima naye, nikapika naye. Hiyo ni dawa, msiidharau: mtoto dhaifu usimlaze peke yake kitandani hata ukimrundikia mablanketi. Blanketi halitoi joto, linatunza tu joto lililopo, na yeye hana.

Maziwa yake yalitoka kwa Papa Gakuru, mzee mfugaji wa mlima wa pili. Alileta kibuyu mwenyewe kila asubuhi, akasimama nje ya ua na kuuliza, "Wameamukaje?" Alimpenda Kahombo. "Huyu wa pori anakunywa kama ndama," alisema, na alimwimbia sifa za ng'ombe wake kama vile ni ng'ombe ndiye aliyemzaa. Ila tulikuwa na shida naye. Kwa desturi ya wafugaji wa zamani, ukichemsha maziwa unamdhuru ng'ombe, chuchu zake zinapasuka. Na sisi bila kuchemsha hatukuweza, watoto wangeharisha. Mama Rozaria hakutaka kumdanganya. Alimwita na kumweleza yote waziwazi. Mzee alifikiri sana, akaegemea fimbo yake, kisha akasema, "Nitakuwa ninageuka nyuma. Kitu sikuona, hata ng'ombe yangu hakuona." Tangu hapo, kila asubuhi alikabidhi kibuyu, akageuka, akatazama milima mpaka tumalize kuchemsha. Hata mvua ikinyesha aligeuka.

Kisha ugonjwa wa ng'ombe ukaingia. Ulianza upande wa Masisi mjini. Midomo ilitoka povu, kwato zilioza, ng'ombe wakawa wanalala na hawasimami. Munganga wa ng'ombe akakataza watu kuhamisha mifugo. Familia moja baada ya nyingine ikaacha zamu yake, siyo kwa ubaya. Walikuwa wanafukia mali yao yote kwenye mashimo. Siku moja Papa Gakuru alikuja na kibuyu, nikakipokea, kikawa chepesi.

"Iko tupu," akasema. "Nimeileta tu musiseme nimewasahau." Safari hiyo pia akageuka akatazama milima, ingawa hapakuwa na kitu cha kuchemsha.

Watoto nyumbani walikuwa watano. Tuliongeza maji kwenye maziwa kidogo yaliyobaki, mpaka yakawa na rangi ya maji ya kuoshea mchele. Kilio chao kilibadilika. Mtakapofanya kazi hii mtakijua: mtoto mwenye njaa ya leo anapiga kelele, mtoto mwenye njaa ya siku nyingi analia kama paka mbali. Huyo wa pili ndiye wa kumkimbilia.

Mama Rozaria akasema tukamue mbuzi. Msicheke, hata wakati ule walicheka. Sisi wakulima tulifuga mbuzi kwa nyama na kwa mahari. Nani alishawahi kuwakamua? Alimfunga kwenye mti mbuzi wa kwanza, akainama, mbuzi akamtupa kwenye tope mbele ya kanisa zima lililokuwa linatoka misa. Akasimama, akajifuta, akainama tena. Shemeji yake akaja kwa hasira.

"Mbuzi ya mahari ya mutoto wetu, unaikamua kama ng'ombe? Unatutia haya!"

"Ningeikula, ungenyamaza," Mama Rozaria akamjibu, bila kuacha kukamua.

Watu wakacheka, kisha wengine wakaleta mbuzi zao. Yalitoka maziwa kidogo sana, na yalichelewa. Watoto wawili walikufa wiki zile, mapacha wa upande wa Kingi juu, mmoja asubuhi na mwenzake jioni yake. Niliwaosha mimi. Walikuwa wepesi kiasi kwamba niliogopa maji yatawachukua. Kahombo na wengine wawili walibaki. Kwa nini hao na siyo wale? Msiniulize. Nimeuliza miaka yote.

Basi Kahombo akaota jino. Akakaa, akatambaa, akatembea akishika ukuta. Akala maharagi yaliyopondwa. Akaniita Mama. Mama Rozaria akanikaripia: "Mufundishe aseme Dada." Nilimfundisha. Nikimwambia sema Dada, anasema Dada, anacheka, kisha ananiita Mama. Mume wangu Karoli alimchongea kindoo cha mti akawa anateka maji kama mimi.

Kubuya hakuja. Vita vikaisha, kengele zikapigwa, watu wakacheza. Nilisimama kwenye njia ya Walikale kila nilipopata sababu ya kupita kule, nikiomba aje, na nikiomba asije.

Ngojeni. Nitafika. Niwaambie kwanza habari ya chupa, maana naona kuna chupa hapo mezani. Miaka ya baadaye Masera, watawa wa misioni, walituletea chupa za watoto zenye chuchu za mpira. Tulifurahi! Kazi ya kijiko ilikuwa inavunja mgongo. Lakini maziwa yalikuwa yanaganda ndani ya ile chuchu, mahali kidole hakifiki, na watoto waliokuwa wamenona wakaanza kuharisha. Sera aliyezileta akalia pamoja nasi, kisha tukakaa naye chini tukatafuta njia. Tukazichemsha, tukazigeuza zile chuchu ndani nje, tukazisugua na chumvi. Kama hamna kuni za kuchemsha chupa kila safari, tumieni kikombe na kijiko. Mgongo utauma, lakini mtoto atapona.

Haya. Nirudi.

Mama Rozaria akaniambia, "Kama hakuje, tunamupeleka."

"Pengine alikufa," nikasema.

"Basi uende uone. Kama alikufa, atakuwa na ndugu. Kama hana ndugu, mutarudi naye."

Nilikasirika, lakini nilienda. Karoli alibeba chakula, mimi nilibeba Kahombo. Tuliteremka mpaka baridi ikabaki nyuma yetu, tukaingia kwenye pori ambamo jua linafika chini vipande vipande. Kahombo hakuwa amewahi kusikia joto kama lile; alitoa jasho mgongoni mwangu akauliza kama nimekojoa. Tulicheka sana na Karoli, na kicheko kile kilikuwa cha mwisho katika safari ile.

Huko Itebero walituonyesha nyumba. Kubuya alikuwa amekaa mlangoni anasuka mtego wa samaki. Mguu mmoja ulikuwa umepinda kama tawi, na fimbo mbili zilikuwa kando yake. Nilimjua mimi kwanza. Yeye alinitazama, kisha akaona miguu ya mtoto kwenye mbavu zangu, mtego ukamponyoka.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Papa Kubuya."

Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akikata kamba za mpira, muda mfupi tu baada ya kumleta mtoto kwetu. "Nilituma salamu na bantu," akasema. "Nilituma, nilituma. Hazikufika?"

Hazikufika hata moja.

Mama yake mzee akatoka ndani. Akamshika Kahombo kidevu, akamfungua kinywa kwa kidole, akahesabu meno kwa sauti, akacheka, halafu akakaa chini akalia. Mtoto akajificha kwenye kitambaa changu. Kubuya hakumvuta. Aliokota mtego akaendelea kusuka.

Niliangalia nyumba ile. Mihogo, sombe ya majani yake, samaki wadogo wakipatikana. Tone la maziwa hakuna. Mbu wamejaa ukutani. Na mtoto wangu, nasema wangu, alikuwa amelelewa kwenye hewa ya milima. Karoli akasema kile nilichoshindwa kukisema.

"Papa Kubuya, ukipenda tutarudi naye kwanza. Akikomaa, tunamuleta."

Aliuweka mtego chini. Kisha akaniangalia mimi, siyo Karoli. "Mama, mimi sipandi tena muti, siwinde. Mukirudi naye, mimi nabakia na nini? Lakini wewe ndiye unamujua. Useme wewe. Ukisema huku atakufwa, mumubebe. Sitawafuata. Hata ningetaka, na mguu gani?"

Nimekaa kwenye kazi hii mpaka nimezeeka, na swali lingine zito kuliko lile sijaulizwa. Niliangalia mikono yake. Niliona kwamba neno langu lolote angelipokea.

"Ni wako," nikasema.

Tulikaa siku kadhaa. Nilimfundisha bibi kuchemsha maji, kuponda maharagi tuliyoyabeba, kufukiza moshi jioni kwa ajili ya mbu. Kahombo alianza kukaa karibu na baba yake kwa sababu ya ule mtego. Alipenda kupitisha mkono kwenye matundu. Watu walinishauri nitoroke akiwa amelala. Nilikataa. Na nyinyi msifanye hivyo kamwe: mtoto aliyeachwa kwa siri huanza kuogopa usingizi. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia, "Dada anaenda. Wewe unabaki na Papa." Alinifuata akiita Mama mpaka kwenye daraja la kamba, bibi akamshika. Sauti ile ilivuka mto pamoja nasi. Karoli alitembea mbele yangu siku nzima ile, hakugeuka, na nilimshukuru kwa hilo.

Maharagi yalikuwa yanavunwa mara ya pili tangu tuliporudi, mtu akaingia kwenye lupango na kibuyu kikubwa cha mafuta ya mawese. Alikuwa mdogo wake Kubuya. Alisalimia, akapewa kiti, akakataa chakula. Hapo nikajua.

"Surua ilipita kwetu," akasema. "Imekamata batoto mingi."

 Nikamuuliza jambo moja tu nililotaka kulijua. "Alikuwa anamuita Papa?"

"Alikuwa anamuita Papa. Hata kulala, alikuwa analala ku mugongo ya kaka. Kaka alikuwa anajiburuta naye mpaka ku mto, banatega samaki. Banabishana."

Nikamgeukia Mama Rozaria. Nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba. "Ungeacha nimubakishe. Angekuwa hapa."

Nilidhani atanijibu kwa yale maneno yake makavu. Akasema, "Ndiyo, Matilda. Pengine angekuwa hapa." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Na ule papa angekuwa muntu mwenye alianguka chini, na sisi tukamunyanganya mutoto. Mimi sijue. Kila siku naomba nijue, sijue."

Yule ndugu akasukuma kibuyu mbele yetu. "Kaka amesema haya mafuta mupake bale batoto biko hapa. Amesema niangalie kwa macho yangu."

Asubuhi ile kulikuwa na kitoto cha kiume kilicholetwa na shangazi yake, ngozi imekauka inatoka magamba. Nilimimina mafuta kiganjani. Nilimpaka kichwa, shingo, mikunjo ya kwapa, mgongo, nikimpaka taratibu, na yeye akalegea kidogo kidogo, akalala kabla sijafika kwenye miguu. Mgeni wetu alisimama akitazama mpaka nikamaliza na kumfunika.

"Nitamuambia nimeona," akasema. Akachukua fimbo yake, akashika njia ya Walikale.